Barua Niliyotaka Kuificha

Kasha lilikuwa la bati, rangi yake ya kijani imechujuka, na kufuli lilikuwa limeshika kutu hata ufunguo haukuingia. Bi Mkubwa akachukua mchi, akaligonga mara mbili, likaachia. Tulikuwa Majengo, Mombasa, saa kumi za jioni, kwenye chumba ambacho marehemu babake alilala miaka yake ya mwisho. Juu kabisa palikuwa na kanzu iliyokunjwa. Chini yake koti la mvua la watu wa bandarini, kisha kipande chake, kile cheti cha enzi za mkoloni, kikiwa bado ndani ya kijaluba cha chuma alichokivaa shingoni kama wanaume wengine wa wakati wake. Chini ya hivyo vyote, madaftari manne ya shule, kurasa zimeanza kuwa za kahawia, pembe zimeliwa na mende.

"Chukua, mwanangu," aliniambia. "Wewe ndiye unayejua kusoma vitu hivi. Mimi nataka tu watoto wajue babangu alikuwa nani."

Mimi ni mwalimu wa historia. Nilikuwa nimeanza kukusanya habari za mgomo wa Mombasa wa Januari 1947, ule ambao watu wapatao 15,000 waliweka chini kazi kwa siku kumi na mbili: makuli wa Kilindini, watu wa reli, maboi, wapishi na madobi wa majumba ya Wazungu. Walikutana kila siku kwenye uwanja ambao wenyewe waliuita Kiwanja cha Maskini. Humo ndimo kilimozaliwa chama chao, na kiongozi wake Chege Kibachia alikamatwa Agosti mwaka huohuo akapelekwa kuzuiliwa Kabarnet, mbali na bahari na mbali na watu wake. Wanafunzi wangu hawakujua lolote kati ya hayo. Lakini ukiwauliza kuhusu Martin Luther King, mchungaji aliyepigania haki za Weusi wa Marekani, mikono ilijaa darasa zima. Walijua ndoto yake na walijua alivyouawa.

Jambo hilo liliniuma kwa muda mrefu, na nilikuwa na jibu langu rahisi: King alikuwa Marekani, na Marekani ina sauti kubwa. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba sauti peke yake haihifadhi kitu. King alikuwa na mtu wa kumhifadhi. Aliyenifundisha hilo ni mwanahistoria ambaye sijapata kukutana naye, Clayborne Carson, na nilimfikia kwa kumfuata Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi wa Kenya.

Mboya alikuja Mombasa Machi 1955 makuli walipogoma tena, akiwa kijana wa miaka 24, akasaidia kupatanisha. Nilikuwa nikitafuta kila karatasi inayomtaja nikakuta barua ambayo King alimwandikia Julai 8, 1959. Miezi miwili kabla yake, Mei 13, King na wenzake walikuwa wamemwandalia Mboya karamu mjini Atlanta, mmoja ana miaka 30 na mwingine 28. Barua inazungumzia kijana mmoja wa Kenya aliyepata nafasi ya kusoma chuo cha Tuskegee huko Alabama, na namna King na watu wa kanisa lake la Montgomery watakavyosaidia kumlipia. Ni mambo ya karo. Na katikati ya mambo ya karo, King anasema kwamba mapambano yao na yetu ni kitu kimoja.

Lakini macho yangu hayakubaki kwenye barua. Yalishuka chini ya ukurasa, kwenye tanbihi. Kila mtu aliyetajwa ameelezwa ni nani. Kila jambo lililodokezwa limefuatiliwa. Niliona kwamba mtu fulani alikaa na karatasi hii siku nyingi, akaiuliza maswali kama anavyoulizwa shahidi, hadi ikatoa yote iliyokuwa nayo. Nilitaka kumjua mtu huyo.

Carson alizaliwa 1944. Agosti 28, 1963, akiwa na miaka 19, alikuwa Washington katika umati ule mkubwa wa maandamano ya kudai haki, King alipotoa hotuba ya ndoto yake. Hata hivyo hakuwa mfuasi wa King hasa. Moyo wake ulikuwa kwa vijana wa kamati ya wanafunzi, SNCC, waliokuwa wakilala kwenye nyumba za wakulima wa Mississippi wakiandikisha watu kupiga kura. Kitabu chake cha kwanza, cha 1981, kilihusu vijana hao. Ndiyo maana naliona jambo la ajabu na la busara kubwa kwamba mwaka 1985 Coretta Scott King, mjane wa marehemu, alimpigia simu yeye kumwomba asimamie kazi ya kuhariri karatasi za mumewe. Mjane angeweza kutafuta mtu wa kusifu. Alimchukua mtu ambaye alikuwa ametumia miaka yake akieleza kwamba vuguvugu lile la haki za Weusi halikuumbwa na kiongozi mmoja.

Na Carson hakubadili msimamo huo kwa kupewa funguo. Amekuwa akisema wazi kwamba King hakulianzisha vuguvugu. Vuguvugu ndilo lililomtoa King. Ukitazama Montgomery, mji wa Alabama ambako Weusi walisusia mabasi, utaona anachomaanisha. Rosa Parks, mwanamke Mweusi aliyekataa kumwachia Mzungu kiti chake basini, alikamatwa Desemba 1, 1955. Usiku ule ule Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo na kiongozi wa chama cha wanawake, alikesha akichapa maelfu ya vikaratasi vya kuwaambia watu wasipande mabasi Jumatatu. King, mchungaji mgeni mjini mwenye miaka 26, alichaguliwa kuongoza Desemba 5, siku ambayo mabasi yalikuwa tayari yanapita matupu. Watu walitembea kwa miguu siku 381. Niliposoma hayo nilikumbuka Kiwanja cha Maskini, kwamba mgomo wetu nao ulianza kabla ya Kibachia kushika uongozi.

Basi nikaanza kufanya kazi kwa kuwaiga. Kabla ya hapo nilikuwa nikikusanya kama mtu anayeokota embe: lililoiva naokota, lililooza naacha. Sasa nikajifunza kutochambua mapema. Madaftari ya mzee niliyaweka kwa mpangilio uleule nilioukuta ndani ya kasha, kwa sababu mpangilio nao unasema kitu. Pini zilizoota kutu nilizitoa polepole kwa ukingo wa karatasi ngumu, maana ukizivuta zinaondoka na kipande cha maneno. Kila karatasi nikaiandalia bahasha yake, na juu ya bahasha nikaandika kwa penseli, kamwe si kwa wino: imetoka wapi, nani kanipa, siku gani, ina nini. Mombasa unyevu ni adui wa kila siku. Karatasi ikiguswa na ukuta wakati wa masika, baada ya wiki mbili ina madoa. Niliyapandisha madaftari juu ya kabati, mbali na ukuta, nikawa nayageuza kila mwezi kama mtu anavyogeuza mgonjwa.

Daftari la tatu ndilo lililonitia majaribuni.

Mtaa mzima ulimjua mzee kwa jambo moja: kwamba usiku wa kuamkia mgomo alipita nyumba kwa nyumba, Majengo na Shimanzi, akigonga milango na kuwaambia watu kesho hakuna kazi. Kwamba hakuogopa. Kwamba baada ya Kibachia kukamatwa yeye alifukuzwa kazi na hakupiga magoti. Hiyo "hakupiga magoti" niliisikia kwa watu watano tofauti, karibu kwa maneno yaleyale. Na katikati ya daftari la tatu nikakuta rasimu ya barua, ya mwaka 1948, kwa penseli, imefutwa na kuandikwa upya mara tatu. Ni barua kwa mkubwa wa serikali. Anaomba msamaha kwa kushiriki mgomo. Anaahidi kutohudhuria mkutano wowote. Anaomba jina lake lirudishwe kwenye orodha ya kazi.

Niliifunga. Nilikuwa peke yangu chumbani, na bado niliangalia mlango.

Juma lililofuata nilipanga maonyesho madogo shuleni. Niliweka kipande, kijaluba, koti, picha mbili, na kurasa za daftari la kwanza ambamo mzee alikuwa ameandika majina ya watu wa mtaa wake waliogoma. Barua ile ilibaki kwenye mtoto wa meza yangu. Nilijiambia ninamlinda Bi Mkubwa. Nilijiambia pia watoto wanahitaji mfano. Sababu zote mbili zilikuwa za kweli, na hazikunipa usingizi.

Siku hizo ndipo niliposoma kisa cha tasnifu ya King, na nitakisimulia kwa urefu kwa kuwa ndicho kilichonigeuza.

King alipata shahada yake ya udaktari wa falsafa Chuo Kikuu cha Boston mwaka 1955. Miaka thelathini na ushei baadaye, watu wa Carson walikaa kuandaa maandishi yake ya chuo kwa ajili ya kuchapishwa. Kazi yao ilikuwa ileile niliyoiona chini ya barua ya Mboya: kila sentensi iliyotoka kwa mwandishi mwingine itafutiwe asili yake. Wakatafuta. Na kadiri walivyotafuta ndivyo walivyokuta sentensi, kisha aya, ambazo King alizichukua kwa wengine bila kuwataja. Baadhi zilitoka kwenye tasnifu ya mwanafunzi mwingine wa chuo hichohicho, iliyoandikwa miaka mitatu kabla yake.

Nimejaribu mara nyingi kujiweka chumbani mwao. Kuna vijana humo, wengine wanafunzi, waliokuja kwa mapenzi. Sikukuu ya kitaifa ya kumkumbuka King ndiyo kwanza imeanza kuadhimishwa, Januari 1986, baada ya mabishano ya miaka mingi na watu waliompinga waziwazi. Kila unachokigundua kitakuwa silaha mkononi mwa mtu asiyekutakia mema. Na aliyekukabidhi karatasi hizi ni mjane. Kwa kawaida yetu sisi, marehemu husitiriwa. Ni adabu niliyolelewa nayo na sijaiacha.

Habari ilitoka hadharani Novemba 1990, magazetini. Mwaka 1991 kamati ya chuo ilithibitisha kwamba kweli alinakili, ikapendekeza shahada isifutwe ila barua ya maelezo iambatanishwe na nakala ya tasnifu iliyo maktaba. Yeye Carson, juzuu la kwanza lilipotoka 1992 na la pili 1994, aliyachapisha maandishi yale ya chuo pamoja na tanbihi zinazoonyesha kila palipochukuliwa maneno, na maneno yenyewe ya mwenye nayo. Msomaji anaweka kidole hapa, anaweka kidole pale, anaona mwenyewe.

Kilichonishika ni kwamba hakuna kilichoporomoka. Juzuu ziliendelea: la tatu, la nne, hadi la saba mwaka 2014. Mtu anayesoma barua kwa Mboya leo anaiamini kwa sababu anajua waliomletea hawakumficha lile la Boston. Kama wangelificha, na likaja kufichuliwa na mwingine, kila karatasi waliyoigusa ingetiwa shaka, hata ile ya karo ya kijana wa Kenya.

Kuna kitu kingine nilikiona baadaye. Mwaka 1997 Coretta alimfungulia Carson sanduku lililokuwa chini nyumbani kwake Atlanta, limejaa rasimu za mahubiri ya mumewe, nyingi kwa mkono wake mwenyewe. Hiyo ni miaka saba baada ya aibu ile ya magazetini. Mjane angekuwa na kila sababu ya kulifunga sanduku lile milele. Mahubiri hayo ndiyo yaliyojaza juzuu la sita, 2007, na ndani yake unaona King mchungaji, anayebeba maneno ya wahubiri waliomtangulia, anayeyageuza, anayerudi kwenye picha ileile mwaka baada ya mwaka. Ile "ndoto" yenyewe haikuzaliwa Washington. Aliitamka Detroit Juni 1963, na kabla ya hapo katika ukumbi wa michezo wa shule huko Rocky Mount, North Carolina, Novemba 27, 1962, na kanda ya hotuba hiyo ilikuja kupatikana kwenye maktaba ya mji miongo mingi baadaye. Sisemi hayo yanafuta kosa la tasnifu. Tasnifu ina sheria zake na alizijua. Nasema kwamba aliyelifuata kosa hadi mwisho wake ndiye aliyefika pia kwenye mimbari na kumsikia mtu mzima.

Ninapofundisha siku hizi, sehemu hii naipa kipindi kizima. Wapo wanafunzi wanaokasirika, na sitaki kuwatuliza haraka.

Narudi kwenye maonyesho yangu. Siku ya pili alikuja mzee mmoja, kuli wa zamani, amepita miaka themanini na mitano, akiongozwa na mjukuu. Nilimwamkia, akaitikia, akaanza kuzunguka meza taratibu mkono mmoja umeshika bakora. Alisimama kwenye kipande akatikisa kichwa. Alisoma orodha ya majina kwa sauti ya chini, mmoja mmoja, na kwa kila jina alisema: huyu alikufa, huyu alihamia Kilifi, huyu dadake aliolewa kwetu. Niliandika yote, mkono unanitetemeka kwa furaha. Kisha akanigeukia.

"Na za msamaha ziko wapi?"

Nikamuuliza za msamaha zipi.

"Barua, mwalimu. Tuliandika. Alikuwako karani pale Mwembe Tayari, ukimlipa anakuandikia, na asiye na pesa alijiandikia mwenyewe. Wengi wetu tuliandika. Ungekula nini? Huyu bwana," akaigusa picha, "huyu ndiye aliyetuonyesha namna ya kuiandika. Kwamba useme umekosa, lakini usitaje jina la mwenzako. Lako tu. La mwenzako usilitaje."

Sijui nilisimama pale muda gani. Mjukuu alinivutia kiti, akidhani naumwa.

Nilikwenda kuitoa barua kwenye mtoto wa meza, nikaisoma upya, mara hii kwa makini ile mistari iliyofutwa. Penseli ikifutwa huacha mfereji. Ukiinamisha karatasi kwenye mwanga wa dirisha, unausoma. Katika rasimu ya kwanza palikuwa na majina mawili. Yamefutwa. Katika ya pili, jina moja, limefutwa kwa nguvu hata karatasi imechanika kidogo. Katika ya tatu ni yeye peke yake. Nilikuwa nimeiona ile mifutio siku ya kwanza nikadhani ni mtu asiyejua kuandika anatafuta maneno.

Nilichokuwa nimekificha mtoto wa meza hakikuwa aibu ya mzee. Kilikuwa habari ya watu wengi wenye njaa mwaka 1948, na ya mtu mmoja aliyewatafutia njia ya kurudi kazini bila kumuuza mtu. Na mimi, mlinzi wake, ndiye niliyekuwa karibu kuizika.

Jioni ile nilikwenda Majengo. Bi Mkubwa alikuwa barazani anachambua mchele. Shikamoo, marahaba, karibu mwanangu. Nilimweleza kila kitu, tangu siku ya daftari la tatu, pamoja na kwamba nilimficha. Kisha nikamsomea barua. Aliendelea kuchambua, ungo magotini, hadi nilipofika kwenye orodha ya kazi. Hapo mikono ikasimama.

"Nilikuwa mdogo," akasema. "Siku moja alirudi mapema. Mama akamwuliza umeshapeleka? Akasema nimeshapeleka. Hakula siku ile. Alilala ameelekea ukutani. Mimi nilidhani kuna mtu kafa."

Nikamwambia uamuzi ni wake. Akitaka nirudishe, nitarudisha. Akitaka ikae lakini isisomwe mpaka yeye afe, nitaandika hivyo kwenye bahasha na nitaheshimu. Nilimaanisha, maana kasha ni lake, na hata huko Atlanta mlango ulifunguliwa na mjane kwa wakati wake mwenyewe.

Aliomba bahasha. Akaomba na penseli; alikwisha niona sitaki wino. Aliweka ungo chini, akaifutia bahasha kwenye leso yake, akaandika jina la babake lote, na la babu yake, na mwaka. Aliandika polepole, kwa herufi kubwa zilizolala upande mmoja, za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Halafu akanirudishia penseli na kuniuliza yale majina mawili yaliyofutwa, ni ya nani. Nikamwambia. La kwanza hakulijua. Aliposikia la pili aliinuka, akaenda kwenye ukuta wa jirani, akamwita mtu aje, aje asikie jina la babake.